Mali Bila Daftari

Siku moja ya mwezi wa Machi, katika shule moja ya Machakos, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha ya kuandika juu ya ndege wasafirio. Darasa lilikuwa kimya na kalamu zilikwenda mbio. Jioni, nilipoketi kusahihisha, nilikuta kwamba insha iliyoandikwa vizuri kuliko zote ilimhusu bata-maji mweupe mwenye shingo ndefu, atuaye juu ya ziwa tulivu wakati wa machipuko, barafu inapoyeyuka na maua yanapochanua. Sarufi yake haikuwa na kasoro. Lakini mwandishi wake hajapata kumwona bata-maji huyo, hajapata kuona ziwa likiganda wala likiyeyuka, na machipuko hayajui ila kwa kuyasoma. Na wakati ule ule alipokuwa akiandika, juu ya nyaya za umeme nje ya dirisha lake mbayuwayu wengi walikuwa wamejipanga safu kwa safu, wakijiweka tayari kwa safari ya maelfu ya kilomita. Hakuinua kichwa. Wala si yeye peke yake. Darasa zima halikuinua kichwa. Na kweli ikisemwa, mwalimu wao naye alikuwa amelipa dirisha kisogo.

Basi insha hii ni mashtaka, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Simlaumu bata-maji. Ni ndege mzuri, tena msafiri hodari. Aina moja ya jamaa zake huzaa katika nyanda za baridi za kaskazini mwa Urusi, hukimbilia Uholanzi na Uingereza wakati wa kipupwe kikali, kisha hurudi kwao machipuko yanapokaribia. Huko Slimbridge, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Peter Scott alianza mwaka 1964 kuwatazama ndege hao kutoka dirishani kwake. Aligundua kwamba mabaka ya manjano na meusi ya mdomo wa ndege mmoja hayafanani na ya mwenzake. Akawachora mmoja mmoja, akawapa majina, akapata kujua nani amerudi mwaka huu na nani hakurudi. Watu wale huandika habari za bata-maji kwa sababu wamemtazama. Sisi huandika habari zake kwa sababu wao wamemtazama. Hapo ndipo ilipo aibu yetu.

Bata-maji wa mwituni hana desturi ya kufika Machakos, na hakuna dhambi katika hilo. Lakini ni nani awezaye kusema kwamba anga ya Machakos ni tupu? Kuanzia Septemba mbayuwayu hushuka kutoka kaskazini. Mawingu ya vuli yanapokusanyika mwezi wa Novemba, kozi wa Amur hufika, ndege mdogo mwenye miguu myekundu, ambaye amezaliwa Siberia ya mashariki au kaskazini mwa China, akapita India na kuvuka bahari. Korongo weupe huonekana katika nyanda za Kapiti, na tai wa nyika za Urusi na Kazakhstan hushuka penye vichuguu. Machi na Aprili, mvua za masika zinapoanza, wote hao hugeuza mdomo kuelekea kaskazini. Machipuko ambayo wenzetu wa Ulaya huyasubiri kwa hamu, na kuyasifu kwa mashairi, hupitia kwanza juu ya vilima vya Iveti na Mua, juu ya bwawa la Maruba na mto Athi. Yanapita juu ya vichwa vyetu, nasi tumeinamia vitabu tukisoma habari zake.

Nikisema hivi wako wanipingao, nami nitawajibu mmoja mmoja, maana hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema, "Hao si ndege wetu. Ni ndege wa Ulaya na Asia, huja kwetu kukimbia baridi tu. Mwenye mali na aitunze mali yake." Namwomba msemaji huyu afanye hesabu. Kijumbamshale wa Ulaya hufika Uingereza mwanzoni mwa Mei, na Agosti inapoanza huwa anaondoka. Hukaa huko miezi mitatu. Miezi tisa iliyobaki huimaliza Afrika na njiani. Mtu akikaa katika nyumba moja kwa miezi mitatu ya mwaka, na katika nyumba nyingine kwa muda mrefu kuliko huo, tutasema kwao ni wapi? Kweli huzaa huko. Lakini hula huku, hubadili manyoya huku, na huku ndiko apatako nguvu za kurudi kuzaa. Ndege huyo hana kwao pamoja; ana kwao pawili, na kila upande una haki na wajibu juu yake.

Tena yako makubwa zaidi ya hayo. Yuko ndege mdogo wa rangi ya kahawia apendaye vichaka vya mabwawani, ambaye huzaa Ulaya na kupita Kenya kwa wingi wakati wa vuli. Dume lake huimba kwa kuiga sauti za ndege wengine. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja, Françoise Dowsett-Lemaire, alieleza matokeo ya kuwasikiliza ndege hao kwa makini huko Ubelgiji. Aliona kwamba kwa wastani kila dume aliiga sauti za aina zaidi ya 70 za ndege, na kwamba zaidi ya nusu ya aina hizo ni za Afrika. Fikirini, wanafunzi! Katika machipuko ya Ulaya, mtoto akifungua dirisha lake asubuhi, huenda akaimbiwa sauti za ndege wa vichaka vya Afrika Mashariki. Sauti zetu zimefika kwake kwa mdomo wa msafiri aliyezichukua huku. Naye mtoto wetu, aliye karibu na wenye sauti hizo, anaandika habari za bata-maji.

Mpinzani wa pili husema, "Kutazama ndege ni mchezo wa matajiri na watalii wenye darubini shingoni. Sisi tuna kazi." Huyu hajui historia ya kazi yenyewe. Zamani wenye elimu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi. Mwaka 1555 askofu mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, aliandika kwamba mbayuwayu hujificha chini ya maji ya maziwa, na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu zao! Watu waliamini hivyo kwa vizazi vingi. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo ambaye shingoni mwake ulikuwa umepita mkuki mrefu wa Kiafrika. Alikuwa amechomwa katika bara letu, akaokoka, akaruka hadi Ulaya na silaha ile mwilini. Korongo huyo amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ushahidi ulioanza kuwafumbua macho wataalamu ulikuwa ni mkuki uliochongwa na mkono wa Mwafrika ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Na ni nani aliyeanzisha utaratibu wa kuwavisha ndege pete zenye anwani ili safari zao zijulikane? Hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, ambaye mwaka 1899 aliwafunga kwenzi pete nyepesi za alumini miguuni. Wengine wakaiga. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza; mwezi wa Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Uongo wa maziwa na nyavu ukaanguka kwa kipande cha chuma kisichozidi uzito wa punje. Kazi hii, basi, iliinuliwa na mwalimu wa shule. Ni ajabu kusikia ikiambiwa kuwa haifai shuleni.

Wala hatuna haja ya kwenda Denmark kutafuta mfano. Tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakikutana Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, wakati wa mvua za vuli. Usiku wa ukungu, taa za hoteli iliyo huko milimani huwavuta ndege wapitao gizani kutoka kaskazini. Alfajiri hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa, huvishwa pete na kuachwa waende zao. Mamia ya maelfu ya ndege wamekwisha kuvishwa pete mahali hapo, na baadhi yao wamepatikana tena Uarabuni, Urusi na Ulaya. Mtu atokaye Machakos kwa basi liendalo Mombasa hufika Mtito Andei siku hiyo hiyo, na Ngulia haiko mbali na hapo. Je, ni wanafunzi wangapi wa Ukambani waliopata kusikia jina hilo likitajwa darasani?

Wa tatu ni mkulima, naye nampa heshima kuliko wote, maana husema akiwa na jembe mkononi: "Ndege ni adui wa mtama na mawele. Watoto wangu hushinda shambani wakiwafukuza, nawe wataka wawatazame?" Mzee wangu, maneno yako ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Akuharibiaye mtama ni kwelea, ndege wa Afrika, aendaye kwa makundi makubwa akifuata mvua na mbegu. Kozi wa Amur hali mtama. Mbayuwayu hali mtama. Korongo hali mtama. Kozi hula kumbikumbi, panzi na nzige. Mbayuwayu hula wadudu warukao. Korongo hula nzige na viwavi. Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, na mapema mwaka 2020 walifika hata Kitui, katika uvamizi ambao Kenya haikuwa imeona mfano wake kwa miaka 70. Sisemi kwamba korongo peke yake angaliwamaliza. Hakuna ndege awezaye kazi hiyo. Nasema kwamba si busara kumpiga mawe askari wako kwa sababu tu amevaa manyoya kama mwizi. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Asiyeweza kumtenga mgeni na mwizi atamwaga sumu juu ya wote wawili, kisha atashangaa wadudu wanapozidi. Na kumtenga mmoja na mwenziwe hakuji kwa bahati, huja kwa kutazama.

Wa nne husema, "Ndege ni wengi mno. Walikuwako kabla ya babu zetu, watakuwako baada ya wajukuu wetu." Hii ndiyo hoja mbaya kuliko zote, kwa maana inampa mtu ruhusa ya kulala. Tai wa nyika niliyemtaja, yule ambaye vuli huonekana akitembea ardhini kama kuku na kuokota kumbikumbi mahali pale pale ambapo watoto wetu huwaokota, aliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Ndege mwenye mabawa yanayopita urefu wa mtu mzima! Je, miaka 30 iliyopita walitua wangapi katika nyanda za Kapiti? Mwanafunzi akitaka kujua hesabu yao shuleni kwake, ni daftari gani la shule atakalofunua?

Sikilizeni pia habari za Nagaland, jimbo la kaskazini mashariki mwa India, ambako kozi wa Amur hupumzika kabla ya kuvuka bahari kuja Afrika. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba wawindaji wa huko, karibu na bwawa la Doyang, walikuwa wakitega nyavu na kuwaua makumi ya maelfu ya kozi katika msimu mmoja ili kuwauza kwa kitoweo. Picha zilipoonekana, dunia ilishtuka. Lakini waliomaliza jambo lile walikuwa wanakijiji wenyewe, pamoja na viongozi wao wa serikali na wa kanisa. Walikubaliana kuziondoa nyavu, na mwaka 2013 kozi walipita salama. Mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vya kupeleka ishara, wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti, kwa heshima ya watu na mahali pale. Pangti ni kijiji tu, lakini jina lake lilivuka bahari juu ya mgongo wa ndege hadi Afrika.

Sasa pimeni jambo hili. Kama kozi wale wangaliisha mwaka 2012, ni nani huku kwetu angalijua? Vuli ingalikuja, kumbikumbi wangaliruka, na anga ingalikuwa tupu. Nasi tungalisema, "Mwaka huu ndege si wengi," tukaendelea na shughuli zetu. Mauaji yangalikuwa ya Nagaland, lakini usahaulifu ungalikuwa wetu. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena Machakos haikosi fundisho la namna hii katika historia yake. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliitazama ardhi ya wilaya hii, wakaona udongo unavyochukuliwa na maji, wakatabiri kwamba nchi itakuwa jangwa la mawe na mchanga. Leo mtu akisimama juu ya vilima vya Iveti ataona matuta yamepangwa kama ngazi kutoka juu hadi bondeni. Mengine yalichimbwa kwa amri na kwa uchungu. Lakini mengi zaidi yalichimbwa baadaye kwa hiari, na vikundi vya wanawake na wanaume waliosaidiana. Waliweza kuuokoa udongo kwa sababu waliuona ukienda. Kila mvua iliwaonyesha maji mekundu mtoni. Ndege hawaendi hivyo. Wakipungua hawaachi makorongo ardhini wala mto hauwi mwekundu. Pengo lao huonekana tu na yule aliyewahesabu walipokuwako.

Yatupasa basi kufanya nini? Si jambo gumu, wala halihitaji darubini ya bei kubwa. Kila shule na iwe na daftari moja, likae mahali panapojulikana, na kila darasa lichague waandishi wawili. Waandike tarehe, mahali, aina ya ndege, idadi yao na hali ya hewa. Waandike siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana na siku wa mwisho alipoondoka. Waandike mvua ilianza lini na kumbikumbi waliruka lini. Wasipomjua ndege waeleze rangi, mdomo, miguu na mwendo wake, kisha waandike "hatumjui". Maana neno hilo moja la kweli lina thamani kuliko jina zuri lililobuniwa. Waende pia kwa wazee wakaulize majina ya Kikamba ya ndege, na ishara ambazo watu waliziona katika ujio wao. Mababu zetu walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu, waliokwenda kwa miguu hadi pwani, na safarini walizitega sikio sauti za ndege. Msafiri alimjua msafiri mwenziwe. Ujuzi huo nao ni mali, nao pia hauna daftari.

Daftari la mwaka mmoja ni kitu kidogo. La miaka 10 litaanza kusema kama mbayuwayu huchelewa au huwahi, na kama huzidi au hupungua. La miaka 30 litatafutwa na wenye elimu kutoka mbali, nao watakuja Machakos kuuliza, nasi tutakuwa na jibu. Chama cha wapenda viumbe wa Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka 1909, na tangu hapo wengi wameandika habari za ndege wa nchi hii, Waafrika wakiwemo. Lakini vilima ni vingi na mabwawa ni mengi, na waandishi ni wachache. Hakuna mtaalamu awezaye kuwa kila mahali kila asubuhi. Mwanafunzi yuko kila mahali kila asubuhi.

Na wewe, kijana mwenye manati mfukoni, nina neno nawe pia. Najua shabaha yako ni nzuri, na jicho lako huona ndege kabla ya wenzako wote. Sikunyang'anyi sifa hiyo, naitamani. Jicho lililo kali namna hiyo lastahili kazi kubwa kuliko kumwangusha mbayuwayu aliyevuka jangwa la Sahara akiwa na uzito usiofika gramu 25. Jangwa lilimshindwa. Si fahari kubwa kwako kufanya lile ambalo jangwa halikuweza.

Nimerudi kwenye insha ile ya bata-maji. Niliipa alama nyingi kwa lugha yake, nikaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Umemwona wapi?" Mwanafunzi alikuja kuniuliza maana ya swali lile, nami nikampeleka dirishani. Nyaya zilikuwa tupu; mbayuwayu walikuwa wamekwenda. Hakuna katika sisi wawili aliyeweza kusema waliondoka siku gani. Tulisimama pale kitambo, kisha nikampa daftari jipya, akaandika katika ukurasa wa kwanza sentensi yake ya kwanza ya kweli juu ya ndege: kwamba walikuwapo, na kwamba hatukuandika.